Chungu Kisichowahi Kupika Nguruwe

Kama kuna siku moja ya kazi ambayo ningependa kuirudia niifanye upya, ni ile asubuhi Bwana Onchari alipoweka chungu cha miguu mitatu juu ya meza yangu akasema, "Hiki kisafishe, kiende kwenye rafu." Nilijua kilikotoka na nilijua kilichokuwa kikiyeyushwa ndani yake. Nilipaswa kukataa. Neno lenyewe ni fupi, na mimi nilikuwa nimefaulu Kidato cha Nne, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikulijua. Nikasema, "Sawa, mzee."

Nitarudi kwenye chungu hicho. Kwanza nina maneno na ninyi vijana.

Siku hizi mmegundua chuma. Wajukuu wangu wamenionyesha kwenye simu. Kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri anashika kikaango chenye kutu kama ameokota dhahabu mtoni. Anakisugua mbele ya kamera, anakimiminia mafuta mpaka kinaogelea, halafu anawaambia watu kwamba hiyo ndiyo njia ya wazee. Wazee gani? Mimi ni mzee, na niliifanya kazi hiyo Kisii mjini tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mafuta mengi hayawi ngozi ya chuma. Yanakuwa gundi. Pika chapati humo, utaibandua kwa patasi. Mafuta hupakwa kidogo, halafu unayafuta kwa kitambaa kikavu kana kwamba ulikosea kuyapaka, ndipo unakifunika chombo kifudifudi juu ya makaa ya taratibu. Unarudia tena na tena mpaka kiwe cheusi na kikavu, kisichoacha alama kidoleni. Haipendezi kwenye video, najua. Ni kazi ya kuchosha, na wewe ulitaka kupigiwa makofi.

Chuma ninachosema ni kile cha kusubu, kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, wala si bati la kugongwagongwa kama karai. Ni kizito, kinashika moto muda mrefu, na ukikidharau kinapasuka kama sahani ya udongo. Wazungu walipokuwa wakiondoka kwenye mashamba ya Sotik na Kericho waliuza kila walichoshindwa kubeba, na hakuna anayepakia chungu cha chuma kwenye meli ikiwa anaweza kukiacha. Tajiri wangu wa kwanza, Bwana Vithal, alivinunua kwa mafungu: vyungu vya miguu mitatu, vikaango, birika, sufuria nzito zenye mifuniko. Vyote vilikuja vikiwa na masizi, kutu na mafuta ya miaka. Watu wetu walikuwa wameanza kupata pesa za majani chai. Mtu wa Nyacheki akishaezeka nyumba kwa mabati alitaka pia chungu ambacho hakitavunjika mikononi mwa mke wake.

Bwana Vithal alikuwa Mhindu asiyekula nyama wala yai, na kutwa nzima alikaa katikati ya vikaango vilivyokaangiwa nyama ya nguruwe kila asubuhi kwa maisha yao yote. Alivishika kwa gazeti, kama mtu anayemtoa panya ndani ya nyumba. Hakuwa mpole na hakutaka kuonekana mpole. Siku yangu ya kwanza, nikiwa na shati jeupe na cheti cha sekondari kwenye bahasha, aliniwekea kikaango mbele.

"Wewe naona nini?"

"Naona kikaango, bwana."

"Kikaango hata mbuzi naona. Mimi nalipa wewe uone ugonjwa."

Basi nikajifunza kuona ugonjwa. Unakishika chombo kwa mpini au unakining'iniza kwa waya, halafu unakigonga kwa mwiko. Kizima huimba, chenye ufa hukohoa. Ukiwa na shaka, unapaka mafuta ya taa upande wa ndani, unaacha yatulie, unafuta, kisha unasugua chaki upande wa nje. Penye ufa, mafuta hupenya na kuchora mstari kwenye chaki. Unakiweka juu ya kioo na kukizungusha kidogo: kikizunguka kama pia, tako lake limepinda na hakitakaa kwenye stovu. Ukiona chuma kimekuwa chekundu kama matofali, na si wekundu wa kutu unaotoka kwa kusugua, ujue kuna mjinga aliyekitupa motoni ili akisafishe kwa haraka. Ngozi ya chuma hicho imeungua na haishiki mafuta tena. Wajinga hao wako hadi leo. Wengine wana wafuasi.

Msidhani nilianza nikiwa fundi. Niliwahi kumwaga maji baridi kwenye chungu kilichotoka motoni, kikalia kama bunduki, na watu wa duka la jirani wakatoka nje kutazama. Mara nyingine nililoweka kikaango kwenye siki ili kutoa kutu. Siki hutoa kutu kweli, lakini unakaa nayo ukiiangalia, kwa sababu ikimaliza kutu inaanza chuma chenyewe. Ilikuwa Ijumaa. Mimi ni Msabato, jua lilikuwa linashuka, nikakimbilia nyumbani. Jumamosi nilikuwa kanisani, Jumapili duka lilifungwa. Jumatatu nikakitoa kikaango kikiwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Bwana Vithal alikitazama kwa muda mrefu.

"Mungu yako napumzika," akasema. "Siki hapana pumzika."

Hayo mambo ya Sabato ndiyo yalifanya kazi yetu iwe tofauti na ya mafundi wa mahali pengine. Wateja wetu wengi walikuwa Wasabato, na Msabato hali nguruwe. Mwanamke aliyetoka Masimba kununua chungu hakuuliza unene wake wala ufa. Aliuliza jambo moja. Namkumbuka mama mmoja mwenye hoteli, alivyokiinua kikaango na kukinusa kama anayenunua samaki.

"Hii imepika nguruwe?"

"Imeoshwa vizuri, mama."

"Sikuuliza kama imeoshwa. Hata wewe umeoshwa na bado sikuamini."

Kwa sababu hiyo hatukuuza chombo chochote na mafuta yake ya zamani. Vyote vilizamishwa kwenye pipa la maji ya majivu na magadi, wiki baada ya wiki, mpaka mafuta ya Wazungu yakabanduka kama gamba la nyoka. Kisha tulisugua kwa gunzi la mahindi na mchanga, tukamalizia kwa unga laini wa mawe ya Tabaka, yale yanayochongwa vinyago. Chuma kikibaki uchi na cha kijivu, ndipo tulikipaka mafuta ya simsim tukianza upya. Bwana Vithal aliipenda kazi hiyo kuliko sisi. Kwa nguruwe, Mhindu na Wasabato walielewana kuliko walivyoelewana kwa jambo lingine lolote mjini.

Lakini kulikuwa na aina moja ya chombo ambayo hakuiruhusu iingie kwenye pipa. Mafundi wa mabomba kwenye mashamba makubwa ya chai walikuwa wakizibia viungo vya mabomba ya maji kwa risasi, ile metali laini ya kijivu, na waliiyeyushia kwenye chungu chochote kilichokuwa karibu. Ukipita kwa ukucha kwenye ukingo wa chungu kama hicho unakuta tone gumu linalong'aa, na ukilisugua kwenye karatasi linaacha mstari kama penseli. Bwana Vithal akiliona, aliinama chini ya kaunta, akatoa nyundo, akatoboa tako la chungu papo hapo, kabla hata ya kumaliza chai yake. Chuma chakavu kikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Niliona ni ubadhirifu. Nikamwambia tungeweza kukisafisha.

"Mafuta nakaa juu ya chuma," akasema. "Hii sumu nakaa ndani. Chuma hii iko na matundu dogo-dogo kama mkate. Wewe naweza osha mkate?"

"Lakini kwa nini ukivunje leo, bwana? Si kingekaa tu kando?"

"Nikiacha kando, kesho iko mtu maskini, iko mtu mlafi, iko wewe. Nimevunja, nimemaliza."

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, leseni zilipokuwa ngumu kwa watu wa asili yake, aliuza duka akawafuata ndugu zake ng'ambo. Siku ya kuondoka hakunisifu. Aliniambia, "Kazi wewe najua. Lakini wewe napenda sana kusema ndiyo." Nikamcheka nyuma ya mgongo wake. Mzee wa watu, nikasema, hata kuaga hawezi.

Aliyenunua duka alikuwa Bwana Onchari, mtu wetu kabisa, mwenye koti na kalamu tatu mfukoni. Hakujua tofauti ya kikaango na rimu ya baiskeli. Pipa la magadi aliliondoa kwa sababu lilinuka. Kutu aliifunika kwa rangi nyeusi ya viatu, na mama akichemsha maji mara ya kwanza yakatoka meusi kama wino, Bwana Onchari alimwambia hiyo ni dawa ya chuma. Nilimdharau. Bado namdharau. Lakini siku alipoleta meza yenye droo, akaiweka nyuma ya duka na kuniambia, "Hapa atakaa meneja wangu," nilikalia kiti hicho kabla hajamaliza kusema. Cheti changu kilikuwa kimekaa kwenye bahasha tangu Uhuru kikingojea meza. Sasa kiliipata.

Tulikwenda pamoja na lori kuchukua vitu kwenye karakana ya shamba moja la chai lililokuwa likibadilisha mabomba yake. Chungu kile nilikiona kikiwa kwenye benchi la fundi bomba, aliyekinunua kipya kwa kazi hiyo, kando ya vipande vya risasi. Kwa hiyo sikuhitaji ukucha wala karatasi. Kilikuwa kizuri mno: kinene, miguu yote sawa, mfuniko unakaa bila hewa kupita, na ukikigonga kinaimba mpaka barabarani. Bwana Onchari alikipenda kama mtoto anavyopenda filimbi. Nikamwambia, tukiwa njiani, kwamba vyungu vya namna hiyo hutobolewa.

"Nani alisema?"

"Bwana Vithal."

"Vithal yuko wapi?"

"Ng'ambo."

"Basi akivunje huko."

Asubuhi iliyofuata ndipo alipokiweka juu ya meza yangu mpya, na mimi nikasema nilichosema.

Nilikisafisha kuliko chombo chochote maishani mwangu. Nilijitengenezea maji ya majivu mwenyewe, nikakisugua kwa mchanga mpaka vidole vikatoka damu, nikakilainisha kwa unga wa Tabaka, nikakipaka simsim na kukichoma mara nyingi mpaka kikawa cheusi kama kunguru. Nilijiambia kwamba mtu akifanya kazi namna hiyo hakuna sumu itakayobaki. Mnaonaje upumbavu wa msomi. Alama zote ambazo zingemwonya mtu, yale matone, ule mng'ao, nilikuwa nimezitoa kwa mikono yangu. Ugonjwa wenyewe niliuacha ulipokuwa. Kazi yangu bora kabisa katika ufundi huu ilikuwa kukiremba chungu kile kiweze kudanganya.

Kilikaa kwenye rafu mpaka siku aliyokuja dada yangu Kwamboka kutoka Ikonge. Mama yetu alifariki mimi nikiwa mdogo, na huyo ndiye aliyenilea, akaniosha, akanichapa, akanipeleka shule. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Alisalimia, akasimama mbele ya rafu akishika kiuno.

"Ominto," akaniita, kama tunavyomwita mtu wa tumbo moja, "kile kinauzwa?"

"Kinauzwa, mama," Bwana Onchari akajibu kabla yangu. "Meneja mwenyewe amekitengeneza."

"Meneja nani?"

"Huyu ndugu yako."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Meneja, na kola imekunjika hivyo." Akanyoosha mkono akaitengeneza, akicheka. Kisha akakigonga chungu kwa kidole. "Sasa niambie ukweli, si ule wa dukani. Hii imepika nguruwe?"

"Haijawahi kupika nguruwe."

"Hata mafuta yake?"

"Hata mafuta yake."

Yote mawili yalikuwa kweli tupu. Chungu kile kilikuwa hakijawahi kupika chochote. Sisi watu wa huku tulikuwa na swali moja tu la kuuliza chungu, tukishajibiwa tunatulia. Mimi pekee katika chumba kile nilijua kwamba kuna swali la pili, na Bwana Onchari alikuwa amesimama pale akitabasamu, na meza yangu ilikuwa nyuma yangu. Nikamfungia dada yangu chungu kwa gunia. Nikambebea mpaka stendi.

Mnajua chinsaga inavyopikwa kwetu, au labda hamjui, mnakula chipsi. Ni mboga chungu. Inachemshwa muda mrefu, inatiwa maziwa yaliyoganda, inaachwa chunguni, kesho inapashwa moto na kuongezwa maziwa, keshokutwa vivyo hivyo, mpaka ukali uishe na utamu uje. Mzazi aliyejifungua hulishwa hiyo kila siku ili apate nguvu na maziwa. Katika chungu cha udongo haina neno. Lakini maziwa yaliyoganda ni makali kama siki. Yanakula ngozi ya mafuta, halafu yanavuta kilichomo ndani ya chuma. Nilijua siki inavyofanya. Nilishafundishwa na kikaango cha Ijumaa.

Nilikwenda Ikonge mtoto alipozaliwa. Msichana, wakamwita Nyaboke. Kwamboka alinionyesha ndani ya chungu, chini kulikuwa na kijivu.

"Meneja, ngozi yako inabanduka."

"Paka mafuta, dada. Choma tena."

"Nimepaka. Maziwa yanaitoa." Akanipakulia chinsaga na ugali wa wimbi. "Kula, umekonda kama karani."

Nikasema nimeshiba. Nikala ndizi mbivu moja, nikazungumza habari za mjini, nikaondoka. Hata siku hiyo ningeweza kusema. Hapakuwa na Bwana Onchari ndani ya jiko lile.

Tumbo lilianza kumsokota Kwamboka, likaja na kwenda kwa miezi. Akapauka. Viganja vyake vikalegea, akawa anaangusha vikombe. Mtoto alilia kwa namna ya kuchoka, na ulipofika wakati wa kukaa, hakukaa. Mama mkwe alimshuku jirani kwamba ana jicho baya, wakagombana mpaka uzio ukajengwa kati ya nyumba mbili zilizokuwa zikichotea maji njia moja. Mwisho shemeji aliwapeleka hospitali ya misheni. Daktari mzee alimfunua mdomo, akatazama ufizi, akaona mstari wa buluu iliyokolea chini ya meno. Akamwuliza anapikia nini.

Nikaitiwa. Nilimkuta Kwamboka amekaa kwenye kigoda, mtoto mgongoni, chungu katikati ya sakafu, kimeoshwa.

"Daktari amesema ni chungu," akasema. "Nikamwambia huyo hajui. Kile chungu kimetoka kwa ndugu yangu. Ningenunua kwa mtu mwingine, sawa, lakini hiki hapana."

Nikakitazama chungu.

"Amesema watu huyeyushia vitu ndani. Mabomba, sijui nini. Ulijua?"

"Nilijua."

Akampapasa mtoto mgongo kwa ule mkono uliolegea.

"Siku ile ulisema umeshiba. Ulikuwa umeshiba?"

"Hapana."

"Toka," akasema. Hakupaza sauti. "Chukua chungu chako utoke."

Nilikibeba mpaka kwenye mawe ya mto, nikakipasua vipande. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na ningeweza kuifanya juu ya meza yangu.

Mnaponiuliza chombo cha zamani kinanunuliwaje, ninawajibu bila adabu. Msiniletee picha zenu za kutu. Uliza kimetoka wapi na kimefanya kazi gani. Kama muuzaji hajui, mwachie. Kama anajua na anababaika, toboa tako, hata kama kinaimba vizuri namna gani. Vile vifaa vya kupimia risasi vinavyouzwa siku hizi, nunueni, ingawa wengi wenu mtanunua mpini wa mbao kwanza ili chombo kipendeze kwenye picha.

Meza ile niliiacha mwaka huohuo. Bwana Onchari alimpata meneja mwingine kabla kiti hakijapoa. Mimi niliendelea na ufundi peke yangu mpaka nilipozeeka.

Kwamboka alipona taratibu alipoacha kupikia chungu kile. Nyaboke hakupona. Alichelewa kutembea, na maneno aliyojifunza yalitosha kuomba chakula na kumwita mama yake, basi. Shule ilimpokea muhula mmoja ikamrudisha. Mama yake alimvalisha nguo kila asubuhi mpaka alipokuwa mwanamke mzima mwenye mvi. Dada yangu hakunishtaki kwa yeyote, hata kwa mumewe. Alifunga mlango tu. Nilituma sukari, ikarudishwa. Nilituma watu wa kanisa, wakapewa chai, wakarudishwa. Alipofariki nilipata habari kwa majirani, na pale kaburini nilisimama na wageni. Uamuzi ule ulinigharimu akili ya mtoto wa dada yangu na mama pekee niliyewahi kumjua, na aliyelipa sehemu kubwa zaidi hakuwa mimi.